Tahadhari kwa Wanaoshusha Camaro, Chevelle na Mustang: Pimeni Nafasi Kabla ya Kugusa Springi

Kama una gari la kale la Kimarekani lenye injini ya V8, na pua yake imeshushwa kwa kukata springi, kwa kuzichoma na gesi, au kwa kufunga springi fupi ambazo hukuambiwa ugumu wake, usilipeleke barabara kuu mpaka ulikague. Kama fundi amepanga kulishusha wiki hii, mwambie asubiri. Gari la namna hiyo hupendeza likiwa limeegeshwa, hutembea mjini polepole bila shida, kisha humkatalia dereva siku anayohitaji breki kwa nguvu zote.

Ninaandika sasa kwa sababu mtindo huu unaigwa haraka. Camaro za 1967 hadi 1969, Chevelle za 1964 hadi 1972 na Mustang za mwanzo zimepata wenyewe wapya wengi, Marekani na hata nchi za Ghuba, na miongoni mwa wenye magari na mafundi wamo wasemaji wa Kiswahili. Ushauri unaopitishwa kutoka mtu hadi mtu ni mfupi mno: kata mzunguko mmoja wa springi, gari litakaa vizuri. Nitaonyesha kwa hesabu kwa nini ushauri huo unaweza kuua, na namna ya kupata gari lililo chini ambalo bado linashika barabara.

Kinachopotea ni nafasi

Chungulia nyuma ya gurudumu la mbele la Camaro au Chevelle. Springi imekaa katikati ya armu ya chini na chasisi, na shokapu imepita ndani yake. Pembeni kuna raba ngumu, fupi kama kidole gumba, ambayo huzuia armu isigonge chuma cha chasisi. Umbali uliopo kati ya raba hiyo na mahali inapogonga ndio nafasi ambayo gurudumu linayo ya kupanda linapokutana na tuta, shimo au uzito wa breki. Kiwanda kiliipanga nafasi hiyo pamoja na springi laini za wakati ule.

Ukilishusha gari kwa springi fupi, unaila nafasi hiyo. Tuchukue gari lenye milimita 80 za kupanda, zikipimwa kwenye gurudumu. Likishushwa milimita 50, ambazo ni kama inchi mbili, zinabaki 30. Barabara haikubadilika, matuta ni yaleyale, uzito ni uleule. Kazi iliyofanywa na milimita 80 sasa inatakiwa kufanywa na 30.

Hapo ndipo springi ngumu zaidi inapohitajika, na hapo ndipo wengi wanapokosea kiasi. Ili springi imeze pigo lilelile ndani ya nafasi iliyopungua, ugumu wake lazima upande kwa mraba wa upungufu huo. Ukitoka milimita 80 kwenda 55, unahitaji springi yenye ugumu wa mara mbili na zaidi kidogo. Ukitoka 80 kwenda 30, unahitaji mara saba. Hakuna gari la barabarani linalovumilia springi iliyokazwa mara saba. Kwa hiyo gari lililoshushwa inchi mbili kwa springi peke yake ni gari litakalogonga raba, na swali linalobaki ni litagonga lini.

Mguu ukiwa kwenye breki

Watu wengi hufikiria matuta. Mimi ninaogopa zaidi breki, kwa sababu breki huila nafasi kabla hata tuta halijafika.

Chukua gari la kilo 1,600. Camaro ya kizazi cha kwanza ina umbali wa milimita 2,743 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tuseme kitovu cha uzito kiko sentimita 53 juu ya lami. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu ya kutosha kukaribia ukomo wa tairi, karibu kilo 247 za uzito huhamia mbele, yaani kama kilo 124 kwa kila gurudumu la mbele.

Sasa tuangalie springi. Katika magari haya springi haikai juu ya gurudumu, imekaa katikati ya armu. Kama imekaa nusu ya urefu wa armu, gurudumu likipanda milimita mbili springi hubanwa moja tu, na ugumu unaofika kwenye gurudumu ni robo ya ugumu wa springi yenyewe. Springi laini ya kilo 6 kwa milimita, ambayo kwenye boksi la Kimarekani itaandikwa kama paundi 336 kwa inchi, humpa dereva kilo 1.5 tu kwa milimita kwenye gurudumu. Gawanya 124 kwa 1.5: pua inataka kuinama milimita 83. Mpangilio wa armu unaweza kupunguza sehemu ya mwinamo huo, lakini umeona ukubwa wake. Nafasi iliyobaki kwenye gari letu lililoshushwa ni 30.

Hata breki ya wastani, nusu ya mvuto wa dunia, hutaka milimita 52 kwa springi hiyo. Maana yake ni kwamba kila gari linaposimamishwa haraka kidogo, pua inakuwa tayari imelala juu ya raba. Tangu hapo gari halina springi mbele. Likikutana na ufa wa lami, kifuniko cha shimo la maji au mawimbi ya lami yaliyotengenezwa na malori kabla ya makutano, tairi haliwezi kupanda, kwa hiyo linaruka. Tairi lililo hewani halifungi breki wala haligeuki. Dereva anazungusha usukani na gari linakwenda moja kwa moja.

Kwenye kona mambo ni yaleyale. Upande wa nje hubanwa, raba inagonga, ugumu wa kona hiyo moja unapanda ghafla mara nyingi, na tairi la nje linabebeshwa zaidi ya uwezo wake. Dereva hupata onyo la mguno mmoja wa chuma, na wakati huo ameshachelewa.

Kukata hakuleti ugumu unaodhaniwa

Wanaokata springi hujitetea kwamba springi ikifupishwa inakuwa ngumu. Ni kweli, lakini kwa kiasi gani? Springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi, ukitoa mmoja, inakuwa ngumu kwa asilimia 14 tu. Kwenye mfano wetu, mzunguko huo mmoja ukiwa umebeba gari una urefu wa kama milimita 33, na kwa kuwa gurudumu hutembea mara mbili ya springi, gari linashuka zaidi ya milimita 60. Umelipa robo tatu ya nafasi yako yote kwa ongezeko la asilimia 14 la ugumu. Hakuna biashara mbaya kuliko hiyo.

Ugumu wa kweli unatoka kwenye unene wa waya. Waya ukiongezeka unene kwa asilimia 5 tu, springi inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 22, kwa sababu unene hufanya kazi kwa nguvu ya nne. Kwa hiyo springi ya gari lililoshushwa inapaswa kuwa fupi na nene kwa pamoja, imetengenezwa hivyo tangu kiwandani.

Kuna pia suala la ncha. Springi ambayo ncha yake imelazwa bapa, au imekunjwa iwe nyembamba, ikikatwa upande huo haiketi tena kwenye kikombe chake. Hukaa kwa upande, hujikunja inapobanwa, na hupiga kelele. Mwongozo wa General Motors kwa armu hizi unataka ncha ya chini izibe tundu moja dogo kwenye kikombe cha armu, kwa ukamilifu au kwa sehemu, na kuacha tundu la pili wazi kabisa au kwa sehemu. Mulika tochi kutoka chini utazame. Kama matundu yote mawili yako wazi, springi imezunguka au imekatwa mahali pasipofaa.

Usiruhusu moto

Kukata ni kubaya. Kuchoma ni kubaya zaidi. Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa joto lililopimwa. Mwali wa gesi ya asetilini na oksijeni hupita nyuzi 3,000 za Selsiasi. Fundi anapoupitisha juu ya springi mpaka iwe nyekundu na gari lishuke, amefuta kazi hiyo mahali pamoja na kuiacha mahali pengine. Sehemu iliyochomwa huendelea kulala siku hadi siku, na mpakani mwake springi inaweza kukatika bila dalili. Springi iliyochomwa haitengenezwi. Inatupwa, na inatupwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Mustang na Dodge zina hatari zao

Kwenye Mustang za mwanzo springi imekaa juu ya armu ya juu, ndani ya mnara wa bati ulio kando ya injini. Uzito wote wa mbele unapita kwenye mnara huo, na minara hiyo inajulikana kwa kupasuka. Ukifunga springi ngumu, kwanza safisha minara hadi bati lionekane, tafuta nyufa kuzunguka viungo vya kuchomelea, na uimarishe kabla ya kuongeza mzigo.

Dodge Charger, Challenger na Plymouth za enzi hizo hazina springi za koili mbele. Zina fimbo ndefu za chuma zinazojisokota. Kuna bolti ya kurekebisha kimo, na kishawishi ni kuilegeza mpaka gari lilale. Bolti hiyo hubadilisha kimo tu. Haiongezi ugumu hata chembe. Anayeilegeza amekula nafasi yote na kubaki na ulaini uleule. Ugumu unaongezwa kwa kufunga fimbo nene zaidi.

Kupita kiasi nako ni hatari

Baada ya kusikia haya, wengine hukimbilia springi ngumu kuliko zote dukani. Msifanye hivyo. Kwenye mfano wetu, kila gurudumu la mbele hubeba kama kilo 395 za bodi na injini. Kwa springi ya kilo 6 kwa milimita, pua hupanda na kushuka karibu mara moja kwa sekunde, na huo ndio utulivu wa gari la kale. Kwa kilo 10, inakuwa mara moja na robo: gari limekazika lakini linakalika. Kwa kilo 18, ambazo ni paundi 1,000 kwa inchi, inafika karibu mara 1.7, na kwenye lami yenye viraka tairi huanza kurukaruka, bushi huchanika, na chasisi ya umri wa miaka 50 na ushee hupindapinda mahali ilipochoka.

Mbele ikikazwa peke yake, nyuma nako kunasumbua. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akahamia General Motors, alionyesha miaka ya 1930 kwamba gari hutulia pale mbele inapokuwa laini kidogo kuliko nyuma, kwa kulinganisha na uzito kila upande unaobeba. Magurudumu ya nyuma hupita tuta baada ya yale ya mbele, na mtikisiko wake unapaswa kuufikia ule wa mbele ili bodi itulie. Ukikaza mbele tu, ukaacha springi za nyuma zilizochoka, gari litanesa kwa mtindo wa bembea na litakuwa zito kuingia kona.

Namna ya kuchagua

Anza na mizani, usianze na duka. Pima uzito wa kila gurudumu la mbele, dereva akiwa ndani na tangi likiwa na mafuta. Injini ya chuma ya block kubwa huzidi ile ndogo kwa kama kilo 50, na injini mpya za alumini ni nyepesi zaidi. Kiwanda chenyewe kilifunga springi tofauti kwa gari lenye kiyoyozi na lisilo nacho. Springi iliyolifaa gari la jirani inaweza isikufae, hata kama yanafanana rangi na mwaka.

Pili, pima nafasi. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, si kutoka ardhini, ili tairi lisikudanganye. Kisha, springi ikiwa imetolewa kwa usalama, pandisha armu kwa jeki mpaka raba iguse, na uandike umbali huo. Hapo ndipo uamue utashusha kiasi gani. Kwa springi peke yake, mimi sishauri zaidi ya inchi moja. Kwa milimita 55 zilizobaki na springi ya kilo 10, breki kali hutaka milimita 50; gari linasalimika kwa shida, lakini linasalimika.

Ukitaka kushuka zaidi, badilisha kifundo cha gurudumu chenyewe. Vipo vifundo vilivyotengenezwa kwa magari haya ambavyo huinua kitovu cha gurudumu kwa kama inchi mbili. Gari linashuka, armu zinabaki mahali pake, na milimita zako 80 hazijaguswa. Hiyo ndiyo njia ambayo ningemwambia ndugu yangu aifuate, hata kama inamlazimu kuweka akiba kwa muda.

Tatu, mwulize muuzaji namba: ugumu kwa kilo au paundi, urefu wa springi ikiwa haijabanwa, na uzito wa injini iliyokusudiwa. Akikujibu kwa inchi za kushuka peke yake, ondoka.

Nne, nunua shokapu zinazolingana. Shokapu ya zamani haiwezi kutuliza springi ngumu, na shokapu ndefu hufika mwisho ndani ya mwili wake kabla raba haijagusa, kisha huvunjika. Springi ngumu mara mbili huhitaji nguvu ya kutuliza iliyoongezeka kwa kama asilimia 40.

Tano, bolti za bushi za raba zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa armu ikiwa inaning'inia, raba hubaki imesokotwa na kuchanika mapema. Halafu pima alaimenti upya bila kukosa. Armu zikibadilika pembe, fimbo za stelingi nazo hubadilika, na gari linaweza kujigeuza lenyewe kila linapopita bonde.

Kagua leo

Angalia raba mbili za mbele. Iliyong'aa, iliyopasuka au iliyoacha alama nyeusi kwenye chasisi imekuwa ikigongwa. Kama huna uhakika, bandika donge la udongo laini wa kuchezea watoto juu ya raba, endesha polepole kwenye barabara tupu, funga breki kwa wastani mara kadhaa, kisha tazama limebaki unene gani. Likibanwa likawa kama karatasi, umepata jibu bila ajali. Tazama pia ndani ya bodi kama tairi limekwangua rangi, na inua gari uone kama springi inacheza kwenye kikombe gurudumu linaponing'inia. Springi inayocheza inaweza kuchomoka.

Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wenye Subaru au Toyota zilizokatwa springi, maneno haya yanawahusu. Kwenye magari hayo springi imeizunguka shokapu karibu na gurudumu, hivyo namba zinabadilika, lakini nafasi iliyoliwa imeliwa, na matuta yetu hayana huruma.

Kwa mafundi

Springi ya mfano wetu ikiwa imebeba gari imehifadhi nguvu sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 unaoanguka kutoka mita moja. Nguvu hiyo ikiachiliwa kwa ghafla inaelekea usoni au kifuani. Usifungue boljointi ya armu ya chini bila jeki imara chini ya armu hiyo. Tumia kibano cha springi kinachofaa magari haya, pitisha mnyororo ndani ya springi na uufunge kwenye chasisi, simama pembeni, na usimruhusu mwanafunzi akae mbele yake. Mteja akisisitiza ukate au uchome, kataa. Pesa yake haitoshi kulipia utakachokuwa umekifunga kwenye gari hilo.

Wenye magari, mkikuta springi zilizochomwa au zilizokatwa, liegesheni gari mpaka zibadilishwe zote mbili. Kama mmekwisha kuliuza, mpigieni simu aliyelinunua leo hii na mmwambie ukweli. Naye akimuuzia mwingine, habari hiyo isafiri pamoja na funguo.